Mimi na Sista Winfrida, Nje ya Wodi

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza wodini. Ilikuwa! Tumepangwa mstari saa moja na nusu, wanafunzi kumi na wawili wa uuguzi, sare nyeupe, pasi kali. Mwalimu Laurian, msimamizi wetu wa mafunzo ya vitendo, akapita akikagua kucha na viatu. Kwangu akasimama. Akauliza hicho kitambaa kinakwenda wapi.

Nikamwambia ni hijabu, Mwalimu. Fupi, nimeichomekea kwenye kola, kila jioni naichemsha. Akasema vitambaa vinabeba vijidudu, na sare ya chuo haina hijabu. Nivue au nirudi bweni.

Nimerudi bweni.

Kulia kwangu alisimama Sista Winfrida. Ni mtawa, tunasoma darasa moja. Shela yake nyeupe inafika mabegani. Yeye akapita! Hata kucha hakuangaliwa.

Jumanne, 6 Mei
Nimerudishwa tena. Saa za wodini zisipotimia, mtihani wa Julai sifanyi. Na mwaka unapotea.

Nimempigia baba, kijijini kwetu Sepuka. Yuko shambani, wanapiga alizeti, nasikia fimbo. Nilidhani atafoka. Akaniita kwa jina, akauliza, "Sikudhani, umekula?" Nikasema ndiyo. Uongo.

Jumatano, 7 Mei
Nimevua.

Haya, nimeandika.

Mwalimu akasema vizuri, sasa unafanana na wenzako. Nikaingia. Masikio yalikuwa baridi – sikujua kama masikio yana baridi yake. Niliona kila mtu ananitazama. Labda hakuna aliyetazama.

Kitanda cha sita – Bibi Hana! Jirani yetu wa Sepuka, mama wa kanisani, nimekulia kwenye ua wake. Amevunjika mguu. Nikamwambia shikamoo bibi. Akaniangalia sana. Akaniuliza kwa Kinyaturu, polepole, kama mtu anayeogopa jibu: nyumbani kuna msiba? Baba yako mzima? Nikasema wote wazima. Mbona kichwa wazi, basi?

Akavuta kitenge alichojifunika miguuni. Akasema inama. Nikainama. Akanifunga kichwa, akaniinua kidevu, akatazama kama kimekaa sawa.

"Haya. Sasa nioshe."

Nimemwosha mgongo huku nalia. Hakuuliza zaidi. Mwalimu Laurian akaingia, akaona kitenge. Alinionyesha mlango kwa kidole.

Alhamisi, 8 Mei
Nimevaa. Sivui tena. Nikifukuzwa, nifukuzwe nimevaa.

Mstarini Mwalimu akaniambia nitoke. Nikatoka. Mara nasikia sauti ya Winfrida nyuma: "Mwalimu, kama vitambaa vina vijidudu, na mimi ninacho." Mwalimu akamjibu, chako ni cha wito, Sista. Winfrida akasema, "Na chake?"

Watu kumi walitazama viatu vyao.

Mwalimu akamwamuru Winfrida aingie. Hakuingia. Alikuja kukaa na mimi kwenye ngazi za wodi mpaka saa saba.

Mwanzoni sikufurahi. Nilikasirika, kweli. Nikamwambia sijamwomba, na Jumatatu alikuwa wapi? Akainamisha kichwa. "Jumatatu nilikuona. Nikapita." Kumbe hajalala vizuri tangu siku hiyo. Tukalia wote wawili, mhudumu anadeki anatuzunguka na ndoo yake.

Ijumaa, 9 Mei
Ngazi. Winfrida kaleta viazi vitamu kwenye kopo. Tumeulizana anatomia – wengu bado anauweka kulia badala ya kushoto! Nimemcheka mpaka kikohozi. Nilipokwenda kuswali Ijumaa alinishikia mkoba na daftari. Niliporudi alikuwa juani vilevile, ameukumbatia.

Jumatatu, 12 Mei
Barua mbili, ya Winfrida na yangu. Kesho saa nne kwa Mkuu wa Chuo. "Kukaidi maelekezo ya msimamizi." Na Mama Mkuu wa shirika lao la watawa kaitwa kutoka Ilongero. Wanaweza kumwondoa masomoni, wanaweza kumrudisha nyumba ya watawa, basi.

Nimemsihi aingie wodini kesho asubuhi, aombe radhi, yaishe. Mimi peke yangu natosha. Alikuwa anafua. Akakamua shela yake, akaitundika kamba moja na hijabu zangu.

"Sikudhani, usiniamulie."

Baba kasema anakuja na basi la kwanza. Hakusema atafanya nini akifika.

Jumanne, 13 Mei
Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi. Baba amefika, suruali ina vumbi la shamba, kavaa kanzu juu. Mama Mkuu naye yupo, mzee, mfupi. Baba alisimama akamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamsogezea nafasi. Sasa wamekaa pamoja, wanaongea habari za mvua. Mvua!

Ndani nasikia sauti ya Mwalimu Laurian. Sishiki maneno.

Winfrida kanishika mkono wa kushoto.

Mlango umefunguliwa. Katibu anasema tuingie mmoja mmoja, Sista aanze. Winfrida hajanyanyuka. Anaulizwa kama amesikia. Anasema amesikia. Mkono hajauachia. Mama Mkuu kaacha habari za mvua, anatutazama. Katibu anarudia, mmoja mmoja. Winfrida kanivuta mkono, tunanyanyuka wote wawili.