Yule Mzee wa Berlin Hajafika Mwisho

Mwanangu Barasa,

Pokea salamu za mama yako hapa Mutuini. Baba yako anakusalimu, kifua kimemwachilia kidogo. Dada yako Nafula anakusalimu, bado anashona pale Kangemi. Katoto kake kanakusalimu, siku hizi kanasimama kakishikilia kiti chako. Majirani wa plot wote wanakusalimu. Mimi niko tu.

Barasa, nakuandikia juu ya kile kitabu cha Wajerumani ulichonunua kwa wale wanaotandaza vitabu chini kule tauni. Ulikuwa unanisomea ukiota jua hapa mlangoni, unageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, unakohoa katikati. Yule mzee aliyefutwa kazi kiwandani, kila asubuhi anabeba mfuko wa chakula anazunguka mji, mke anadhani yuko kazini. Mimi namgombeza, kwani hana mdomo, si amwambie mkewe. Na wewe, "Ngoja mathe, tutafika."

Hatukufika.

Na yale maombi, unakumbuka? Niliwaambia akina mama wa kanisa wamwombee yule mzee, Mama Rose akaja na unga wa kumpa yule mke. Akauliza Berlin ni plot gani, ni ile ya huko chini mtoni? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema tupokee, mke atashukuru. Tukasonga ugali.

Tulipokuzika kule Bungoma, siku ya kugawa vitu vyako, binamu zako walichukua nguo na viatu. Kitabu hakuna aliyekitaka. Nilikifunga kwa leso nikarudi nacho. Juzi Mama Rose ameniuliza polepole, "Na yule baba, alipata kazi?" Nikamwambia hatujafika.

Nafula alikuwa akisema atanisomea, nakataa. Naona tukikimaliza ndio umeenda kabisa. Jana nimekubali. Akafungua pale ulipokunja ukurasa, nikamwambia hapana, anza mwanzo. Anasoma mbio, na hawezi zile sauti zako za walevi wa baa mle kitabuni. Lakini mzee ni yule yule, na mfuko wake.

Nakuahidi nitasikiliza mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni mbaya. Pumzika, mwanangu. Na kama huko umeshajua alimwambia mkewe au hakumwambia, njoo hata ndotoni uniambie. Usikawie, njoo kabla Nafula hajafika pale ulipokunja.

Ni mimi mama yako.