Mchanga wa Bangwe na Ziwa la Waholanzi

Jumanne jioni. Mvua imepita, na Kigoma yote inanukia udongo.

Ninyi mnaosoma hapa ni wachache, wengi tumecheza pamoja ufukweni Bangwe. Nawaomba sana, haya yabaki kwenu. Msiyatume kwenye kundi la mtaa. Kazini bado niko kwenye majaribio, na wapo watakaosema karani anachochea watu.

Naogopa. Bora niseme mapema.

Ofisi yetu inachora mpango mpya wa ufukwe. Mkuu wangu alisoma Uholanzi, na leo katika kikao alituonyesha tena picha za ziwa moja la magharibi mwa Amsterdam. Hapo zamani palikuwa na ziwa, watu wakalikausha wakalima. Baadaye mji ulipofurika watu, wakachimba palepale kutafuta mchanga wa kuinulia viwanja vya nyumba, na shimo likawa ziwa tena. Sasa limezungukwa na maghorofa, miti na njia ya kutembea.

"Kila Jumapili nilikuwa nalizunguka lote," alisema, sauti imelegea. "Nikifika mwisho, hamu ya Kigoma imepungua kidogo."

Nilimwelewa. Hata mimi nimelipenda ziwa lile.

Kisha akaweka kidole kwenye ramani yetu. Njia ipite hapa, vibanda vya kahawa hapa. Chini ya kidole chake pameandikwa: eneo wazi, halitumiki.

Halitumiki!

Ni pale mama alipokuwa akianika dagaa mpaka alipofariki, na mama mdogo Zaituni anaanika hadi leo. Asubuhi mitumbwi ikirudi, mchanga wote ulimetameta kama bati jipya. Sisi watoto tulipita kwa ncha za vidole, tukifukuza kunguru.

"We mguu wa tembo!" mama mdogo alinifokea. "Hiyo mboga ya watu, si zulia la kwenu!"

"Mwache, Zaituni," mama alimjibu. "Hata wewe ulikanyaga za bibi yake, ukasingizia bata."

Wanawake walicheka mpaka wakaacha mafagio ya kukusanyia dagaa. Nilipokwenda bweni Tabora, sare zangu zilinuka dagaa. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilizinusa usiku, nikalala.

Najua kosa lilipotoka. Wapimaji walikuja wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika, na waanikaji hawana cha kuanika. Wapimaji wakakuta mchanga mtupu, wakapiga picha, wakaondoka.

Kikao kilipokwisha nikamfuata mkuu mlangoni.

"Mzee, pale pana watu. Siku ile mwezi ulikuwa mkubwa."

Akacheka. "Binti, sasa tuchore ramani kwa kufuata mwezi?"

Nikamweleza yote. Akaacha kucheka.

"Sawa. Lakini siwezi kubadili mpango kwa neno la karani. Waje wenyewe wanieleze. Ijumaa asubuhi nasaini."

Mama mdogo amekubali. Wenzake wanaogopa ofisi; wanasema wataulizwa hati ya mchanga. Yeye peke yake hatatosha.

Kwa hiyo, kama mama yako au shangazi yako anaanika pale, mpigie wewe, umwambie kwa mdomo. Kabla ya Ijumaa asiniulize mapokezini wala kunitaja jina. Alhamisi nikitoka kazini nitashuka Bangwe kwa mama mdogo, nyumba ya pili juu ya ufukwe, yenye mlango wa bluu. Apitie uani, abishe hodi kwa Zaituni. Nitakuwa jikoni. Ijumaa asubuhi tutapanda wote pamoja hadi ofisini, na mimi nitaingia nao.