Kukata au Kushona

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sijaenda kazini. Goti la kushoto limevimba kama andazi. Jana kwenye fainali ya netiboli, robo ya pili, nilitua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka, goti likabaki. Kitu kikalia ndani, tak. Kocha Ludovick akalifunga bandeji. Vumilia dada, zimebaki robo mbili tu. Nikavumilia. Nikafunga mabao nikichechemea.

Kikombe tumechukua. Picha zimejaa kwenye grupu la ofisi — mkurugenzi na kikombe, Ludovick na kikombe. Mimi simo. Nilikuwa nyuma ya benchi na barafu gotini.

Alhamisi, 12 Juni

Dokta Abdulrahim ni mpole, haharakishi maneno. Kasema gegedu limechanika, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa ya goti. Kwa wengine mazoezi yanatosha. Kwangu hapana, maana goti linakwama. Kuna asubuhi halinyooki kabisa.

Njia mbili. Kukata kile kipande kilichochanika: wiki chache tu nipo uwanjani, ila goti litazeeka kabla yangu. Au kushona: magongo, mazoezi, msimu wote unapotea, na huenda uzi usishike.

Nikamuuliza, ningekuwa dada yako ungefanyaje? Akasema dada yake hachezi netiboli. Jibu gani hilo.

Jumapili, 15 Juni

Ludovick kaja hapa Ihumwa na Miriam, mfungaji mwenzangu. Wameleta matikiti. Kocha hakukaa sawasawa, akaanza: kata, Yasinta, Agosti tuna mashindano ya kanda. Nikasema, na baadaye? Akasema baadaye ni ya Mungu.

Goti langu, Mungu. Kikombe, yeye.

Mkataba wangu unasema karani wa masjala. Nani asiyejua kwamba niliajiriwa kwa huu mkono wa kufunga? Unaisha Septemba. Hakuutaja. Alisema tu mkurugenzi ananiulizia sana. Nimemwelewa.

Miriam alitangulia kutoka, kisha akarudi peke yake, eti kasahau simu. Akaninong'oneza: Zipora aliyecheza kabla yako walimkata hivyohivyo. Akacheza msimu mmoja, goti likakataa. Mkataba hawakumwongezea. Sasa hata kuchuchumaa hawezi.

Hiyo habari nimefichwa muda wote huu. Hata na Miriam.

Jumanne, 24 Juni

Niko Chemba kwa Mama. Upepo na vumbi, baridi ya kukata masikio. Nimemkuta anabangua karanga. Shikamoo mama. Marahaba, mbona unatembea kama mimi?

Nikamweleza yote. Akapepeta maganda. Kisha: mambo ya hospitali siyajui mwanangu, lakini hao wanaosema ukatwe, siku ukishindwa kuinuka watakuja kukuinua?

Akataka kwenda jikoni. Akashika mlango kwa mikono miwili, akajivuta mpaka akasimama. Magoti yake yameliwa na jembe, akitulisha sisi. Yangu yanaliwa na nini? Na nina miaka ishirini na tisa.

Nimekuwa na hasira siku nzima. Karanga zenyewe sikuzionja.

Jumatano, 2 Julai

Wodini. Nimeshavishwa gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Nesi kaniambia niweke simu na kalamu mbali. Nimesema bado kidogo.

Asubuhi dokta alieleza tena. Atajua vizuri akishaingia ndani, ila akikuta panashoneka anataka kujua nimeamua nini. Nikasema nitamjibu kabla ya kuingia. Niliogopa. Ukweli ni huo. Bila ofisi ile narudi Chemba, na Chemba ni jembe.

Sasa hivi namsikia Ludovick kwenye korido. Sikumwita. Anaongea ile sauti yake ya uwanjani. Kata tu daktari, tumeshakubaliana naye, Agosti ana mechi.

Tumeshakubaliana. Lini?

Dokta kamuuliza wewe ni nani wake. Kocha wake. Dokta kasema basi subiri nje, nitamuuliza mwenyewe. Ludovick anacheka, anasema huyu ni binti yetu, hana neno.

Hana neno.

Nimemwambia nesi afungue mlango wote na amwite dokta. Kauliza, na huyo kaka? Nikasema naye aingie, asikie kwa masikio yake nikisema shona. Nimejiinua nimekaa. Wanakuja wote wawili, Ludovick mbele, anatabasamu, mkono kaunyoosha kama anayekuja kupongeza. Naweka kalamu.