Shoka la Baba Mkwe

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Hapa Bujonde sote wazima. Mama yako anaanika kakao, na goti langu linasumbua asubuhi tu.

Unauliza ununue shoka gani huko Makete, maana ulilonalo linanasa kwenye magogo. Hilo jembamba ni la kukatia miti. La kupasulia kuni liwe nene, liutanue ufa. Makali ya wembe ya nini?

Mimi nilijua hayo nilipoolewa. Mila yetu unaifahamu: mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hawasemeshani. Alipopita nilijificha migombani. Siku moja shoka langu jembamba lilinasa kwenye gogo la mwembe. Nikalivuta, nikalikanyaga, mpaka nikalia kwa hasira. Mara nikamsikia baba mkwe akikohoa njiani, akinipa nafasi ya kukimbia. Nikakimbia.

Niliporudi, shoka langu lilikuwa limechomolewa na kulazwa pembeni. Juu ya gogo lilikuwa lake, nene, limeshaanzisha ufa ukingoni, si katikati nilikokuwa nikipiga mimi. Nikaendelea kutoka ukingoni, nikamaliza gogo zima.

Hakulidai tena. Tuliishi naye miaka mingi, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwambia asante.

Usinunue shoka. Nakutumia hilo kwa basi. Mpini nimeutoa, chonga unaokutosha mikononi. Ukiona jirani anahangaika na gogo lake, kohoa kwanza.

Bibi yako