Mama Aliitika

Kaka yangu mpendwa Mosolo,

Nakusalimu sana, nikitumaini kwamba mgongo wako umepona na mbao za hapo kiwandani hazikuumizi tena. Sisi tupo. Shangazi anakusalimu. Anasema kama umenenepa huko, utuletee hata shavu moja tuchemshie mboga yetu ya majani ya koko. Nimeanza na utani wake kwa sababu yaliyobaki hayasemeki.

Kaka, Mama hatunaye. Tulimzika Jumapili.

Mwaka huu embe za msituni ziliiva mapema, na huku kando ya barabara hazipo. Mama akavuka ile miti ya mpaka wa hifadhi iliyopakwa rangi nyekundu kwenda kuokota embe, apate kokwa zake za kupikia mchuzi. Nilimkataza, akanicheka, akasema mti uliomlisha bibi yake hauwezi kumgeuka kwa sababu ya rangi. Walinzi wa hifadhi wakamkuta. Walichoma kapu lake, wakampiga mateke ya mbavu. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akakaa siku nne akikohoa damu, basi.

Zamani, mtu akifa, tungeiangusha nyumba yake ya majani tukahama. Sasa tuhamie wapi? Nyuma hifadhi, mbele barabara. Kila tukiamka tunaitazama nyumba yake.

Baba chakula hakimpiti kooni. Anauliza lile lile tu: walimwonaje, mwanamke aliyekuwa akimpita paa bila kumshtua? Shangazi humwambia ale kwanza, maswali hayashibishi. Mimi huinuka nikaenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa.

Mosolo, mimi najua walivyomwona. Siku ile wingu lilitanda, nikaogopa mvua itamkuta mbali. Nikasimama penye mti wa rangi nikamwita kwa ile sauti ya juu ya wanawake, aliyonifundisha yeye mwenyewe. Nawe unajua, kwetu mtu akiitwa msituni hanyamazi. Anayenyamaza amepotea au amekufa. Mama akaitika. Mara moja tu, kwa furaha. Kisha nikasikia wanaume wakipigiana kelele kuelekea kule kule sauti yake ilikotoka. Nilikimbia nyumbani, kaka. Nilimwacha.

Baba sijamwambia. Nimekuambia wewe kwanza, na ukinichukia sitakulaumu.

Wasalimie wenzako wote wa hapo. Na utakapokuja, tafadhali usiniite kutoka barabarani kama ulivyozoea. Njoo hadi mlangoni, unishike bega.

Mdogo wako,
Lembi