Waridi Lako Limebaki Tawi Moja

Mama Anjela,

Nimekosea, na ni lazima nikuambie mimi mwenyewe kabla sijafungua ile nailoni niliyoifunga kwenye waridi lako.

Tulipokuzika nilipiga marufuku mtu yeyote kugusa waridi lako la ukutani. Nilisema kila tawi limepita mkononi mwako. Likapanda, likavuka dirisha, likafika kwenye bati. Kipupwe kilipokuja, bustani zote za Mazwi zilikauka, lakini lenyewe halikudondosha jani. Nikajivuna. Kisha likatoa maua meupe, membamba, badala ya yale yako mekundu mazito. Akina mama wa jumuiya wakasema linakuomboleza. Mimi, niliyefundisha miaka yote ile kwamba neno lisilo na ushahidi lisiaminiwe, nikaamini. Siku ya Marehemu Wote nilikuwekea kaburini mafungu mawili ya maua hayo.

Baadaye mdogo wako Perpetua alikuja kutoka Milanzi. Hakuketi. Alisimama ukutani akaniuliza, "Shemeji, siku hizi unafuga kichaka? Hili ni la mwitu. La dada liko wapi?"

Ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukiinama na kisu. "Mwalimu, nimelibebesha waridi langu juu ya shina la mwitu ili lipate nguvu. Nisipoyakata haya machipukizi ya chini, la mwitu litalinyonga langu." Nilikuitikia bila kuinua macho kwenye gazeti.

Tulifyeka mpaka jioni. La kwako tulilikuta kivulini, limebaki tawi moja lenye urefu wa kiganja, na nusu yake imekauka. Ile bustani ya watawa ulikolitoa imejengwa madarasa. Kwingine halipo, kwa hiyo ilibidi kulibebesha upya.

Perpetua alikataa kushika kisu. "Kata mwenyewe, shemeji. Mimi nikiliua utanilaumu mpaka nife." Tawi lilikuwa na macho matatu tu, yale ambamo tawi jipya huchomoza. Niliyabandua moja moja, nikayapachika chini ya gome la chipukizi changa la mwitu, nikayafunga kwa nailoni. Kila jicho nililipulizia vumbi litoke. Perpetua akanifokea: "Acha kulipulizia, si chai hiyo!"

Majuma matatu yamepita. Nimepita pale kila asubuhi na sijathubutu kufungua. Mama Anjela, kama yamekufa yote matatu, nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Niliweka kalamu chini, nikaenda.

La kwanza lilikuwa jeusi. La pili lilidondoka lenyewe. La tatu ni la kijani, dogo kama punje ya ulezi. Sikuligusa. Nilisimama tu pale mpaka miguu ikauma.

Kuanzia leo machipukizi ya mwitu nitayakata kila juma, hata yakiwa yamechanua, hata akina mama wa jumuiya wakininung'unikia. Pumzika, mke wangu.

Mumeo