Baruti ya Bara Uliyonificha

Mjomba,

Leo sikuamkii. Shikamoo yako naiweka kwanza mpaka moyo wangu upoe, na utapoa lini sijui. Ni wiki saba tangu tukuzike kule Rabai. Nililia mpaka macho yakavimba, nikamwambia kila aliyekuja kwamba nimefiwa na baba wa pili. Watu wakanipa pole, nami nikazipokea zote. Sasa nikizikumbuka zile pole naona haya.

Nikueleze kwanza yaliyobadilika, maana najua ungeuliza. Klabu ya shabaha wamenipa kazi yako. Mwenyekiti alisimama pale kwenye banda la chai akasema Utange nzima hakuna ajuaye kujaza risasi za bunduki za zamani kama Sidi, mpwa wa marehemu Karisa. Wakapiga makofi. Kiwanja chetu ni kile kile, timbo la mawe lililoachwa, na mbuzi wa jirani bado wanakatiza mbele ya shabaha, tunasimama wote na bunduki chini tukiwangoja wapite kama mabwana harusi. Funguo za kabati lako nikakabidhiwa mimi.

Hilo kabati ndilo lililoniponza.

Nilikuja klabuni kupika chai, si ndiyo? Jumamosi moja ukanitazama nikimimina vikombe kumi na viwili bila kumwaga hata tone, ukasema, "Sidi, una mkono mtulivu wewe. Njoo ushike bunduki." Zile bunduki ndefu za risasi moja moja, za baruti nyeusi, ambazo ukifyatua moshi unakuziba macho kama umewasha majani mabichi. Risasi zake hazinunuliwi zikiwa zimekamilika. Fundi anazijaza kwa mkono, ganda baada ya ganda: anatia fataki ya kuwashia, anamimina baruti iliyopimwa kwa mizani, anashindilia, anaweka kichwa juu. Ukaniambia yote yanategemea uchaguzi wa baruti. Ulikuwa ukiimwaga kidogo juu ya karatasi nyeupe na kuipekua kwa njiti ya kiberiti. "Usisome jina la kopo, mwanangu, soma punje. Punje ndogo zina haraka, zinapiga bega na kutawanya risasi. Punje kubwa zinasukuma polepole. Halafu tazama masizi zinayoyaacha." Tukifyatua tano, unapitisha kitambaa ndani ya mtutu na kunionyesha. Masizi laini, yanayopakika kama mafuta ya mgando, ulisema hiyo ndiyo baruti. Masizi makavu, tupa kule.

Nikasoma kwako miaka. Tukachagua lile kopo la kijani, punje za wastani, na hapa kwetu halina mpinzani. Hewa ya Pwani ina maji, masizi hayakauki, kitambaa kimoja kila risasi tano na mambo ni shwari. Mimi nikadhani dunia nzima ni hivyo. Nilikuwa sijavuka hata Voi.

Sasa nikukumbushe Nanyuki, ingawa hukuisahau hata siku moja, wee Mjomba.

Miaka minne iliyopita klabu ya huko waliandika barua wakialika mtu mmoja kutoka kila klabu kwenye mashindano. Walikuwa wanamtafuta mwalimu wa kukaa nao, mtu wa kujaza risasi na kufundisha vijana, na nyumba atapewa. Ukanichagua mimi. Nikakushukuru kwa magoti, nakumbuka, pale uani kwako mbele ya mkaza mjomba. Nilikuwa naishi chumba kimoja Kisauni na binti yangu, tunalala kitanda kimoja, yeye kichwa huku mimi huku. Nikamwambia tutakwenda kukaa mahali penye baridi, tutavaa sweta. Akacheka siku nzima.

Risasi za safari tulizijaza pamoja mimi na wewe, kutoka kopo la kijani. Nikakuuliza, kwa midomo yangu hii nilikuuliza, "Mjomba, huko bara hakuna la zaidi la kujua?" Ukajibu, "Utawaona wanapuliza mitutu yao kwa mrija. Usiwaige. Hizo ni mbwembwe za watu wa bara."

Basi nikafika. Na kweli niliwakuta wanapuliza. Mtu akishafyatua anachomeka mrija nyuma ya mtutu, anapuliza pumzi ndefu, moja, mbili, tatu, ndipo anatia risasi nyingine. Nikacheka, Mjomba. Nilicheka wakanisikia. Nikamwambia yule mama aliyekaa karibu nami kwamba kwetu Mombasa bunduki ni bunduki, hatuifanyi zumari.

Risasi zangu nne za kwanza zilikaa mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kisahani. Ya tano ikapanda. Nikapitisha kitambaa changu kimoja kama ulivyonizoesha, kikakwaruza kama kinapita kwenye matumbawe. Ya sita ikaenda kushoto. Ya nane sikuiona ilikoenda, ubao haukuguswa. Ya kumi ikakataa hata kuingia. Nilisimama nikiisukuma kwa kidole gumba mbele ya watu wote, jasho linanitoka kwenye baridi ile, na hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka.

Ulikuja kunipokea stendi. Ulinibebea begi. Siku ya tatu ndipo ukasema, taratibu, kwa ile sauti yako ya kanisani: "Usijiumize, mwanangu. Kuna watu Mungu kawapa jicho la nyumbani tu. Ugenini linazimika." Nami nikaamini! Haki ya Mungu niliamini. Nikamwambia mtoto hatutakwenda kwenye baridi, mama hana jicho. Nikaacha mashindano kabisa. Miaka minne nimekaa kando yako kwenye ile meza nikiwajazia wengine risasi, na kila ulipotajwa nilisema wewe ndiye mtu wa pekee ambaye hakunikatia tamaa.

Sasa kabati. Tulilifungua mimi na mkaza mjomba, wiki ya pili baada ya mazishi. Rafu ya chini, nyuma ya vitambaa, nikakuta kopo jeupe sijaliona maishani. Baruti yenye punje kubwa kuliko ile yetu. Juu yake karatasi, mwandiko wako ule wa kulala: *Ya bara. Masizi yake hayakauki upesi. Puliza mara tatu kila risasi.* Na pembeni ya kopo, mrija. Mrija, Mjomba! Wa shaba, mdomoni umefungwa kipande cha mpira, na mpira una alama za meno. Meno mawili ya mbele yenye mwanya katikati. Katika ukoo wetu wote mwanya ule ulikuwa nao wewe peke yako.

Nilikaa chini, pale pale kwenye saruji. Ulishakwenda bara. Ulishapuliza. Ulijua kuwa hewa kavu inageuza masizi ya kopo la kijani kuwa ukoko ndani ya mtutu, usiolainishwa ila na mvuke wa pumzi, na ukanijazia hilo hilo kopo la kijani kwa mikono yako, ukanifungia kamba ya sanduku, ukaniombea safari njema. Nimesikia kikulacho ki nguoni mwako tangu nikiwa mtoto, nikadhani ni maneno ya kuwaambia walioolewa vibaya.

Nikamgeukia mkaza mjomba. Hakuuliza nimeona nini. Akasema, "Usimlaumu sana, mwanangu. Macho yalishamwisha zamani. Alisema Sidi akishinda huko harudi, na Sidi asiporudi watajua kwamba fundi haoni."

Ndipo nikaelewa, na kuelewa kukawa kubaya kuliko kutoelewa. "Isome mizani, Sidi, nione kama umeshika." Kila Jumamosi, kila ganda, miaka minne na zaidi. Nilidhani unanipima. "Niambie kopo gani hili, usinidanganye." Nilidhani unanichokoza! Ulivyokuwa ukisugua punje kati ya vidole na kufumba macho, wanachama wakinong'onezana eti fundi Karisa anaisikia baruti kwa ngozi. Uliacha kulenga mita mia mbili ukasingizia bega. Na mimi mjinga nikakukanda hilo bega kwa mafuta ya nazi, bega zima lisilo na ugonjwa wowote.

Mambo ya kulia nimeshayamaliza, nikuambie nilichofanya. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Nanyuki. Sikualikwa, niliomba. Nikajaza risasi zangu kutoka kopo jeupe, nikanunua mpira mpya nikaufunga kwenye mrija, sikutaka kugusa meno yako. Nikapuliza mara tatu kila risasi kama mtu wa kuzaliwa huko. Kumi zote ziligonga ubao, nane ndani ya duara jeusi. Nikawa wa tatu kati ya watu kumi na tisa. Jicho langu halina kasoro yoyote, Mjomba, si la nyumbani wala si la ugenini. Ni jicho tu.

Yule mama wa mara ile alinitambua. Akanishika mkono akaniuliza, "Dada, ulikuwa wapi miaka yote hii?" Mwalimu waliyempata ni kijana mpole wa Nyeri, ana mke na mtoto, amepanda sukuma wiki nyuma ya ile nyumba. Alinikaribisha chai humo ndani. Nikanywa, nikasifu mboga zake. Binti yangu hakuniuliza nilikokuwa. Ana miaka kumi na tatu sasa, hayo ya sweta ameshayasahau. Nakumbuka mimi.

Jumamosi ijayo ni ibada ya ukumbusho wako na mchungaji ameniomba niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wako. Nitasema ulinitoa kwenye birika la chai ukanipa ufundi, na hilo si uongo. La kopo sitalitaja. Usidhani ni kwa ajili yako. Ni kwa mkaza mjomba, ambaye ataketi mstari wa mbele na kitambaa chake cheusi, na hana kosa zaidi ya kukuhurumia. Lakini klabuni nimekwisha kuwaita wote nikawafundisha kupuliza. Walicheka, wakaniita mpiga zumari, nikawaacha wacheke mpaka wakashika. Kopo jeupe liko rafu ya juu, mbele, kila mtu analiona.

Ahadi yangu ni hii: yeyote atakayetoka mikononi mwangu kwenda mbali, atakwenda na baruti ya huko aendako, hata kama kuondoka kwake kutaniacha pabaya. Kaburi lako nitakuja kulipalilia kila baada ya mvua, kwa sababu wewe ni ndugu wa mama yangu na hilo haliwezi kufutika. Nikimaliza kupalilia nitaondoka. Kukaa na kuzungumza nawe bado siwezi.

Kwaheri, Mjomba Karisa. Pumzika kama unaweza. Mimi nikilala huwa najibu swali ambalo hukuniuliza. Ungesema tu, siku moja, hata kwa sauti ndogo, "Sidi, sioni," barua ile ya Nanyuki ningeichana mwenyewe. Ningebaki.

Sidi